Chiriku Amenyamaza

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua mlango wa mbele wa nyumba yake, na chumba cha kwanza kikawa mahali pa kazi. Palikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo kirefu cha wateja. Chumba cha pili kilikuwa cha familia.

Fundi alikuwa na binti mmoja wa miaka minne. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliimba akioga, aliimba akivaa viatu, aliviimbia hata vifungo vya mashati. Wimbo wake mmoja uliweza kuanza na uji na kumalizikia kwa paka wa jirani. Wateja walicheka, na fundi alivimba kichwa.

"Huyu ana kipaji," alimwambia mkewe, ambaye alikuwa mpishi katika shule ya bweni. "Tusikiache kikapotea hivihivi."

Akanunua kinanda kidogo cha betri. Yeye mwenyewe hakujua kukipiga, lakini alikuwa mtu wa vipimo. Aliandika namba juu ya vitufe kwa chaki yake ya kazi, moja mpaka nane. Akaandika kwenye karatasi namba zipi zifuatane. Kisha akapanga ratiba: kila siku saa kumi jioni, kwa nusu saa, Chiriku aketi wima na kupiga namba zake.

Taabu ni kwamba Chiriku hakutulia. Makalio yalikuwa kitini, lakini miguu ilikuwa safarini. Basi fundi akafanya jambo ambalo fundi cherehani peke yake angelifikiria. Alishona mto wa kukalia, akautia mkanda mpana wa kumfunga mtoto kiunoni. Kazi ilikuwa safi sana. Mishono ilinyooka, na mtoto hakuweza kuteleza.

"Moja, tatu, tano," fundi alisoma. "Siyo hiyo. Tano! Unaangalia wapi?"

"Baba, naomba nishuke."

"Ukimaliza."

"Baba, mguu wangu unataka kucheza."

"Mguu haupigi kinanda."

Wiki mbili zilipita hivyo. Jioni moja mkewe alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akasimama kidogo akisikiliza.

"Baba Chiriku, mtoto anaumwa?"

"Hapana. Yule pale, anachezea vipande vya vitambaa."

"Mbona haimbi?"

Fundi aliinua kichwa kumtazama mtoto. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia mtoto akiimba. Si jana. Si juzi. Akamwita kwa sauti tamu: "Mwanangu, hebu mwimbie mama wimbo."

Chiriku alitazama sakafu. "Namba zake sizijui," alisema.

 Mama alimwangalia mumewe, na fundi akaona aibu. Pia aliogopa. Alikuwa ametaka kumpa mtoto muziki, na sasa ilielekea amemnyang'anya hata ule aliokuwa nao.

Kesho yake alikuja mwalimu wa chekechea ya pale mtaani. Alitaka sketi yake ipunguzwe kiunoni. Ilikuwa saa kumi, na Chiriku alikuwa juu ya mto wake, amefungwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, huyu anasafirishwa wapi mpaka afungwe mkanda?"

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alimweleza yote, kama mgonjwa mbele ya daktari: kinanda, namba, mkanda, na ule ukimya.

"Nia yako ni nzuri," alisema mwalimu. "Ila umeshona vifungo kabla ya kukata kitambaa."

"Kwani kinanda ni kibaya?"

"Kinanda hakina kosa. Lakini mtoto wa umri huu hujifunza muziki kwa mwili mzima. Anatembea, anaruka, anapiga makofi, anasimama. Ndivyo anavyojua haraka na polepole, sauti kubwa na sauti ndogo. Vidole vitafuata kwa wakati wake. Ukimfunga kiuno, anajifunza kufungwa tu."

"Lakini kucheza anacheza siku nzima. Huko ndiko kujifunza?"

"Ndiko. Ila na wewe uingie mchezoni. Usimsimamie na karatasi."

Fundi alikuna kichwa. "Mwalimu, mimi muziki siujui kabisa."

"Umekanyaga cherehani miaka mingapi?"

"Huu wa ishirini."

"Basi mapigo unayajua. Kaa ukanyage."

Fundi alikaa, akakanyaga cherehani bila kitambaa. Mwalimu alimfungua mtoto mkanda, akamshusha. "Chiriku, cherehani ikitembea, nasi tunatembea. Ikikimbia, tunakimbia. Ikinyamaza, hakuna kutikisika."

Mtoto alimtazama baba yake kwanza. Fundi akaitikia kwa kichwa kumkubalia.

Cherehani ilianza polepole. Mwalimu alizunguka meza kwa hatua nzito, na Chiriku nyuma yake. Fundi akaongeza mwendo, nao wakakimbia. Ghafla akalishika gurudumu kwa mkono. Mwalimu akaganda na mguu mmoja hewani. Chiriku naye akaganda, akayumba, akaangua kicheko.

"Tena, baba! Tena!"

Walirudia mpaka kifundo cha mguu cha fundi kikachoka. Lakini Chiriku hakuimba.

"Mbona bado yuko kimya?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Usimdai. Imba wewe. Mtoto huiga anayemwona anafurahi. Chagua wimbo mfupi, urudie kila siku. Sauti yako usiiteremshe chini sana, maana koo lake dogo halitaweza kukufuata huko. Akikosea, usimkatize. Akichoka, acheni. Dakika kumi za furaha zinatosha."

"Na ala za muziki?"

"Sufuria na mwiko. Au kopo lenye maharage machache, ila ulifunge sawasawa asije akayameza. Kinanda kiache mahali anapokifikia. Akitaka, akiguse. Asipotaka, basi."

Jioni ileile fundi alichukua mkasi, akaukata ule mkanda. Kisha akatunga wimbo, wa kwanza maishani mwake:

*Mguu wa kulia, twende,*
*mguu wa kushoto, twende,*
*uzi umekatika, simama!*

Aliimba kama mtu anayeomba radhi. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua mwiko akaingia naye. Chiriku alitembea, alikimbia, alisimama, alitikisa kopo. Mdomo ulibaki umefungwa. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya sita vilevile. Mara mbili fundi alikaribia kusema, "Imba basi!" Mara zote mbili alijiuma ulimi.

Jumamosi ya wiki ya pili, mzee mmoja alifuata suruali yake. Fundi alikuwa akimalizia pindo la mguu wa pili. Chiriku alikuwa chini ya meza, akipanga vitambaa. Cherehani ilikimbia, ikapunguza mwendo kwenye mshono mnene, ikanyamaza.

"Uzi umekatika, simama!" ilisema sauti ndogo chini ya meza.

 Fundi hakuinama kumtazama. Akakanyaga tena, taratibu.

"Suruali ya babu, twende," Chiriku aliimba. "Ina mguu mrefu, twende! Haina hata njaa, twende!"

Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Sauti ilipanda mahali ambapo ya baba yake ilishuka. Fundi alifungua mdomo amrekebishe, akaufunga. Akaacha kukanyaga; machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

"Fundi, kuna nini?" mzee aliuliza. Akaanza kuifuata suruali.

Chiriku alichomoza kichwa chini ya meza. "Babu, cherehani imenyamaza! Hakuna kutikisika!"

Mzee alikuwa ameshainua mguu mmoja. Alimtazama mtoto, akamtazama fundi, akaubakiza mguu hewani.

"Baba, kanyaga, na wewe imba," Chiriku alisema. "Babu atachoka."

Fundi akakanyaga, akaimba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.