Mazoezi ya Kwaya Mgwashi

Haya yalimpata rafiki yangu Efrazia wa Mgwashi. Wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa, mchumba wake Silvano alikataa, akajificha msituni. Efrazia ndiye aliyewaonyesha mgambo njia, na Silvano hakurudi.

Baadaye kwaya iliandaa mchezo wa kuimba kuhusu mapinduzi, naye akapewa kuigiza msichana anayemsaliti mpenzi wake. Hakuthubutu kukataa, watu wasije wakauliza sababu.

Jioni moja yenye ukungu aliwahi mazoezini. Kanisa lilikuwa giza, lakini ndani mwanamume aliimba ubeti wa mpenzi. Akadhani ni Kornelio, mwimbaji mwenzake, akamwitikia akiwa mlangoni.

"Shikamoo, dada. Unaimba na nani?" Kornelio alimuuliza kutoka nyuma, funguo mkononi. "Mimi ndiyo kwanza nafika kufungua."

Ndani sauti haikukoma. Sasa iliimba kwa Kishambaa, ikimsihi Efrazia asiwaonyeshe njia.