Sanduku la Picha Lilinipofua Jicho

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, mkulima wa kijiji cha ujamaa juu ya Bumbuli. Ninaandika haya kwa jicho moja. La kushoto lilipofuliwa mchana kweupe, nyumbani kwangu, na mume wangu wa ndoa ya kanisani.

Yonazi alikuwa akipasua mbao Magamba aliponiposa. Mshenga wake aliulizwa na wazee wetu, kama desturi ilivyo, kama bwana harusi ana ugonjwa au kilema chochote. Akajibu hana. Tukaamini… kwa nini tusiamini?

Mwaka jana shemeji yangu Zefania alirudi kutoka Tanga na visanduku vya kutazamia picha. Unakiweka machoni kama darubini. Ndani mna picha mbili, kila jicho na yake, na ukitazama zinaungana: simba anasimama mbele yako, pembe za swala zinakaribia pua. Alidhani atauza kila nyumba.

Thubutu! Wengine waliumwa kichwa, wengine waliona vitu viwiliviwili. Na aliyeshika sanduku anacheka peke yake, ninyi wengine mnamkodolea macho tu. Mwenyekiti wa kijiji alisema sinema ya gari la serikali tunaitazama wote na kucheka wote, lakini hiki cha kuchungulia mmoja mmoja kitatugombanisha. Tulimwona mshamba.

Jioni moja Zefania alinipa nitazame. Nikaona ua limetokeza hata nikanyoosha mkono kulishika. Tukacheka sana. Yonazi akachukua sanduku, akatazama, akageuza, akatazama tena. Akasema hiyo ni karatasi tu. Nami kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Baba Eliza, acha utani, hata mtoto ameliona."

Alilitua sanduku, akatoka nje. Kumbe moyoni alishaamua kwamba mimi na mdogo wake tuna mambo yetu, tunamfanya mjinga mbele ya watoto. Tangu hapo akalizuia sanduku nyumbani, akawa ananishikisha niseme ninachokiona. Nikisema ua linatokeza, kofi. Nikisema halitokezi, kofi la kusema uongo. Nilimwomba Zefania asije tena kwetu. Yonazi aliposikia, akasema sasa nimejishtaki mwenyewe.

Akamfuata mdogo wake alikokuwa, akamfukuza kwa panga mpaka migombani. Alimkosa, panga likazama kwenye mgomba. Akanirudia mimi. Sanduku lile lilikuwa la bati, lenye kona kali… Pigo la kwanza nilipiga kelele. La pili nilisikia kitu kikipasuka, maji ya moto yakanishuka shavuni. Baada ya hapo sikumbuki.

Hospitalini mama mkwe alikuja na uji, akapiga magoti kando ya kitanda. Aliniomba niseme nimeangukia jembe. "Usimfunge mwanangu," alisema. "Jicho lake moja ni bovu, ingawa kwa nje laonekana zima. Kibanzi cha mbao kilimwingia kabla hajakuoa. Sisi ndio tuliomkataza mshenga asiseme, mngetukatalia."

Daktari ndiye aliyenifumbulia fumbo: bila macho mawili picha zile haziungani. Yonazi alikuwa anasema kweli! Hakujua kwamba ni jicho lililomzuia, wala mimi sikujua. Waliojua kuwa ana jicho bovu walikaa kimya, mimi nikalipa.

Nilimhurumia. Nikawaambia polisi ni jembe. Yonazi akaleta mbuzi kwa baba yangu, wazee wakala, nikarudishwa. Kabla mahindi hayajakomaa alinivunja mkono, safari hii kwa sababu nilimwambia akapimwe jicho.

Ndipo nilipokwenda polisi na kusema yote. Sasa yuko ndani, nami niko Mgwashi kwa kaka yangu. Zefania alirudi Tanga na visanduku vyake, hakuna aliyetaka hata kuvigusa.

Dada zangu, wazazi wangu, mwenye kilema na akitaje siku ya posa. Na wewe uliyepigwa ukaombwa useme umeanguka, nakusihi usikubali! Mama mkwe akikutana nami sokoni hugeuza uso, anasema nimemfunga mwanawe. Ningemfunga nikiwa bado kitandani hospitalini, mkono huu ungekuwa mzima.