Unga wa Mfalme Pedro

Kisa hiki alikitoa kwanza Flaviana mwenyewe, Keko, siku ya kuanua matanga ya mumewe, mwaka 2019. Kimeandikwa hapa kama alivyokisema, ila aya ya mwisho imeongezwa baadaye.

Mumewe, Ferdinand, aliuza vigae Buguruni. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na jambo hilo Ferdinand alilificha kama upele. Kwenye simu alikuwa amegundua kwamba Kastilia, huko Uhispania, waliwahi kutawala wafalme wenye jina kama lake. Akaamua ni ukoo wake.

"Wareno walikaa Kilwa, mke wangu. Damu ilibaki."

Mreno si Mhispania, lakini kwa mtu aliyejiagizia kiti chenye simba na ngome, nembo za Kastilia, kwa mafundi wa Keko, hilo lilikuwa jambo dogo.

Walipojaliwa mtoto wa kiume, Rosalia, shangazi yake Ferdinand, alikuja kwao Kinyerezi kumpa jina. Kwao mtoto hurithi jina la marehemu. Shangazi humwaga unga wa mtama mlangoni na kumwita marehemu aje amwone somo wake. Kisha watu wote hutoka kwenda uani, na wakirudi unga huangaliwa kama una nyayo.

"Shikamoo, shangazi. Mtoto ataitwa Pedro, mfalme wa Kastilia."

"Marahaba. Alikufaje huyo?"

"Wafalme wanakufa tu, shangazi. Kwa heshima zao."

"Nimekuuliza alikufaje. Hatumwiti mtu tusiyejua nani alimfumba macho."

"Nyie mnaita wachonga miti. Mie naita taji."

Rosalia aliweka kibakuli cha unga chini. "Basi mwite mwenyewe, mtukufu."

Ferdinand alimwita, akimwaga unga kama anayelisha kuku.

Waliporudi ndani, unga ulikuwa na nyayo za kiatu chembamba, chenye ncha, zikielekea chumbani. Ferdinand alizipiga picha. Hakuziona nyayo nyingine, pana zaidi, zilizokanyaga juu ya zile za kwanza.

Tangu mchana ule mtoto aligoma kunyonya. Alitazama mlango tu. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Kisha Flaviana akaanza kusikia magoti. Mchana, jua kali. Mtu alitembea ukumbini, na kila hatua magoti yalilia kama kuni kavu zikivunjwa. Yalifika mlangoni. Yakanyamaza. Nyuma yake zikaja hatua nzito.

Mtoto alibaki ngozi na mifupa. Ndipo Flaviana akafanya ambalo mumewe hakulifanya: alisoma habari za Pedro mpaka mwisho. Watu wa Sevilla walisimulia kwamba magoti yake yalilia alipotembea. Aliuawa kwa jambia, ndani ya hema, na Enrique, ndugu yake wa baba mmoja, aliyekitaka kiti chake.

Alimbeba mtoto hadi Keko, kwa Rosalia.

"Ukimwita aliyeuawa," Rosalia alinong'ona, "na aliyemuua anakuja. Hajui kuacha kumfuata."

Walirudi Kinyerezi pamoja. Rosalia alimwaga unga mpya, akalifuta jina la Pedro, akamwita Albano, baba yake Flaviana, aliyekufa usingizini. Kabla unga haujafagiliwa, mtoto alikuwa ananyonya.

Ferdinand aliporudi, alicheka.

"Mwanangu mmemshusha. Sawa. Jina la mfalme nalichukua mie."

Akaketi kwenye kiti chake, akajimwagia unga miguuni. Akajiita Pedro.

Flaviana alikuwa jikoni. Alisikia magoti. Yakanyamaza. Kisha zile hatua nzito. Safari hii zilikimbia. Kiti kikagonga ukuta.

Alimkuta ameketi, macho wazi. Hapakuwa na damu. Daktari alisema moyo. Lakini shati lake lilikuwa na matundu membamba kifuani, mengi, na ngozi chini yake haikuwa na hata mkwaruzo. Flaviana aliyashona. Kesho yake nyuzi zilikuwa zimekatwa.

Flaviana yu hai. Albano yu hai, ameanza shule. Rosalia alifariki mwaka juzi, kitandani mwake. Wale wawili wengine hawakuwa hai tangu mwanzo, na hakuna aliyewaona wakitoka.