Unga wa Mchana wa Dorkas

Dorkas wa Nyegina, Mama Mseti kwa majirani, alikuwa mtu wa Kwaresima kwelikweli. Tangu Jumatano ya Majivu, jiko lake halikuwaka mchana. Kila siku alipima bakuli la unga wa muhogo, ule ambao wangeula mchana huo, akaumimina ndoani na kufunika.

"Wa Pasaka huo," alimwambia mumewe, Chacha. "Usiuguse."

"Kumbe hata Mungu anawekewa akiba," Chacha alimtania.

Dorkas hakucheka.

Jirani yao Hana alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa mwezi wa pili akimeza dawa, naye amekonda mpaka gauni lake likaonekana la mtu mwingine. Mchana mmoja alisimama mlangoni na bakuli.

"Mama Mseti, nisaidie unga kidogo. Nikimeza dawa na njaa, natapika zote."

"Tumefunga, mama. Mchana hatupikagi."

"Mimi sijafunga. Mimi sina."

"Basi funga na sisi. Mtolee Mungu."

Hana akaitazama ndoo. Akaondoka. Hakurudi tena, na dawa akaacha kumeza.

Baada ya wiki tatu, Judith, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta hawezi kuinuka. Wakamkimbiza hospitali Musoma. Alirudi ndani ya jeneza.

Msibani unga haukutosha. Dorkas akaleta ndoo yake. Watu wakala, wakashiba. Walipokuwa wakipika, Judith alikuwa naye jikoni.

"Unga huu umetoka wapi, Mama Mseti?"

"Wa mfungo."

Judith akachungulia ndoo. "Chakula ulichojinyima ukakifungia, hapo hujafunga. Umeahirisha kula tu. Cha mchana ni cha asiye nacho, mchana uleule. Na kifua kikuu kinapona, mtu akila na kumeza dawa mpaka mwisho. Akitapika, haachi. Anatuambia zahanati tumsaidie."

"Aliniambia mimi," Dorkas alisema. Akaendelea kusonga ugali.

Mwaka huu Kwaresima imeingia tena. Saa saba mchana Dorkas anabeba ugali na dagaa kwa mzee Maige, anayemeza dawa zilezile. Anakaa mpaka amalize. Mzee ameongezeka kilo nne, na mdomo wake wa utani umerudi.

"Dagaa tena, Mama Mseti? Nyama hakuna? Unanifungisha kwa nguvu?"

"Kula, baba."

Njia ya kwa mzee inapita mlangoni kwa Hana. Mlango una kufuli. Hapo Dorkas hukaza mwendo, chakula kisipoe.