Pezi la Tatu

Kila alasiri alipotoka shule, Maren alitupa mkoba kitini, akala mkate wenye siagi ya karanga, kisha akaingia gereji kwa bibi yake. Gari halikuwamo. Kulikuwa na meza, gundi, msasa na mchoro mkuukuu wa roketi ndogo ambayo Bibi Opal aliijenga mwaka 1966, alipokuwa na miaka kumi na miwili kama Maren. Roketi yenyewe ilipotea zamani kwenye nyika za Colorado. Sasa walikuwa wakijenga nyingine iliyofanana nayo kwa kila kitu.

Haraka ilikuwapo. Macho ya Bibi Opal yalikuwa yakififia, na daktari alisema wazi kwamba kufikia majira ya baridi huenda asione kitu.

"Nataka kuiona ikipaa mara moja tu," alisema Bibi. "Hapo nitaridhika."

Mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani, alikabidhiwa Maren. "Angalia nyuzi za mbao, mwanangu," Bibi alimwonya. "Zielekee nje. Zikilala sambamba na bomba la roketi, pezi litakatika kama biskuti."

Maren alikata mawili vizuri. Mbao ya pezi la tatu ikawa fupi, ikatosha tu kwa kukatwa upande usiofaa. Duka lilikuwa mbali, na kesho yake ilikuwa siku ya watu wote kurusha roketi zao uwanjani. Basi akalikata hivyo hivyo, akalibandika na kulipaka rangi nyekundu mara tatu. Bibi alipolipapasa na kumsifu, Maren aliona aibu, lakini akanyamaza.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Wazee waliizunguka roketi ya Maren na Bibi kwa mshangao. Mmoja alivua kofia. "Sijaiona hii tangu utotoni!" akasema, na machozi yakamlengalenga.

Hakuna roketi iliyorushwa kabla ya kupita mezani kwa mkaguzi, Bwana Thurman. Alimpa Maren kadi. Juu yake iliandikwa: *Nimekagua kila sehemu mwenyewe.* Chini yake palikuwa pa kutia sahihi.

Maren alishika kalamu, asiandike.

"We Maren, unatunga barua ya mapenzi?" Colby, mwanafunzi mwenzake, alimtania kutoka nyuma ya foleni. "Tia sahihi twende!"

Watu walicheka. Maren alimtazama Bibi, aliyekwisha kuinua uso angani akisubiri. Akaiweka kalamu mezani.

"Siwezi," alisema. "Pezi moja nimelikata vibaya, nikaficha kwa rangi. Bibi hajui."

Bwana Thurman alilibonyeza kwa kidole gumba. Pa! Likakatika. Colby aliacha kucheka.

"Lingekatika huko juu, roketi ingegeuka na kuturudia sisi," alisema mkaguzi taratibu.

Bibi Opal alisogea. Maren alianza kulia. "Nisamehe, Bibi. Nimekuharibia siku yako."

"Futa machozi kwanza. Thurman, una mbao?"

Alikuwa nayo. Maren alikata pezi jipya, nyuzi zikielekea nje, akalibandika. Walisubiri gundi ikauke huku upepo ukizidi, na zilibaki dakika kumi tu uwanja ufungwe. Hatimaye Bwana Thurman alilibonyeza tena. Halikutikisika. Maren akatia sahihi.

Uwanja mzima ulihesabu: "Tano! Nne! Tatu! Mbili! Moja!"

Fshaaa! Roketi iliruka kutoka kwenye fimbo yake ya kurushia, ikapanda na kupanda, ikiacha mstari mweupe wa moshi kwenye anga la buluu. Maren alisahau kupumua. Kitu alichokikata kwa mikono yake kilikuwa kule juu, kikimeta juani!

"Unaiona, Bibi?"

"Naiona! Eh, Maren, naiona!"

Mwavuli wake wa kushukia ulifunguka, na roketi ikaanza kushuka polepole. Bibi alimshika Maren mkono.

"Umefanya kosa, tena ukalificha. Usirudie," alisema. "Lakini ulikiri mbele ya watu, wakati hakuna aliyekushuku. Siku si nyingi sitaona tena, mjukuu wangu, na wewe ndiye utakayeniambia mambo yalivyo. Leo nimejua kwamba nitakuamini."