Plagi za Mashindano

Fundi cherehani alikuwa na gari dogo jekundu la spoti, la viti viwili tu. Alilirithi kwa mjomba wake, na umri wa gari ulizidi umri wa ndoa yake. Kila asubuhi alilifuta vumbi kabla hata ya kunywa chai. Mkewe aliliita "mke mwenzangu."

"Mwenzangu kaoga," mama huyo alikuwa akisema. "Sasa na mimi nitafutiwe maji."

Lakini gari hilo halikuwa pambo tena. Figo za mama zilikuwa zimeshindwa kazi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilimbidi afike hospitali, alale kando ya mashine kwa saa nne, asafishwe damu. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa barabara ya machimbo ya kokoto, na basi halikufika huko. Bila gari angekosa mashine. Na akikosa mashine, maji yangemjaa mwilini yamuue. Wote wawili walilijua hilo, wala hawakuwa wakilitaja.

Jumamosi moja fundi aliingia duka la vipuri.

"Nipe plagi nne," alisema.

"Za gari gani?" muuzaji aliuliza.

"La spoti. Lile jekundu pale nje."

Muuzaji alichungulia dirishani, akapiga mluzi. "Gari kama lile! Chukua hizi za mashindano, mzee. Hizo nyingine ni za pikapu za kubebea mbolea."

Fundi akavimba kichwa. Sifa zilimlevya. Hakuuliza swali jingine. Alifika nyumbani, akatoa plagi za zamani, akaingiza mpya. Alikanyaga bampa kwa mguu mmoja, akakaza kwa nguvu zake zote mpaka spana ikalia.

Jumatatu gari lilikohoa njia nzima.

"Mwenzangu ana mafua," mkewe alisema.

"Linazoea plagi mpya," fundi akajibu.

Jumatano lilikohoa mara tatu mlimani, likazima. Fundi aliwasha mpaka betri ikaishiwa nguvu. Jua lilikuwa kali. Mkewe alikaa, miguu imemvimba, amekumbatia mkoba wake.

"Usinifiche," alisema. "Tutafika?"

"Tutafika."

Alikuwa anamdanganya. Lori la kokoto liliwaokota baada ya saa tatu. Walipofika hospitali, zamu ya mama ilikuwa imepita na mashine amepewa mgonjwa mwingine. Waliambiwa wasubiri hadi kesho. Kabla kesho haijafika, maji yalijaa mapafuni na moyo wa mama ukasimama. Madaktari walikandamiza kifua chake mpaka moyo ukarudi kupiga.

"Yuko hai," daktari alimwambia fundi. "Lakini moyo umedhoofika. Hautakuwa tena kama ulivyokuwa."

Dereva wa lori alilivuta gari mpaka nyumbani. Jumamosi, mama akiwa bado hospitali, jirani yao alipita kutoa pole. Alikuwa mwanamke mstaafu aliyefundisha ufundi wa magari chuoni miaka mingi, na watu wote walimwita Mwalimu. Alikuta fundi amekaa chini, ameegemea gurudumu, hajanyoa.

"Jirani, nyanyuka," Mwalimu alisema. "Machozi hayawashi injini. Lete spana."

Alitoa plagi moja, akaipeleka mwangani. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii.

"Unaona haya masizi? Plagi isiyo na kasoro inakuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe sana, imeungua. Hii yako imeziba."

"Lakini ni za mashindano, Mwalimu. Ni bora."

"Bora kwa nani? Gari la mashindano linakimbia muda wote, injini yake ni moto mkali. Kwa hiyo plagi zake zimeundwa kupoa haraka. Wewe unatambaa nyuma ya malori. Plagi hii haipati joto la kuchoma masizi yake. Masizi yakijaa, cheche haitoki. Cheche isipotoka, petroli haiwaki."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kitabu cha gari kiko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Kilikuwa chini ya kiti, hakijawahi kufunguliwa. Mwalimu alitafuta ukurasa, akamwonyesha namba ya plagi, kisha urefu wa nyuzi zake za kukazia.

"Nyuzi zikiwa ndefu mno, pistoni itagonga plagi. Zikiwa fupi, moto hautawaka vizuri. Wewe ni fundi cherehani. Unakata suti ya mtu bila kumpima?"

"Hata siku moja."

"Basi."

Fundi alidandia lori, akarudi dukani na namba ile kwenye karatasi. Muuzaji alianza tena kusifia za mashindano.

"Nipe namba hii," fundi alisema. "Kama huna, naenda kwingine."

Jumapili walifanya kazi injini ikiwa baridi. Walipuliza mchanga kwanza, usidondoke ndani ya silinda. Walitoa plagi moja, wakaweka moja, ili waya zisichanganyike. Mwalimu alipima mwanya wa kila ncha kwa kibati chembamba, kama kitabu kilivyosema.

"Sasa ingiza kwa vidole, si kwa spana," alisema. "Ikikataa, usiilazimishe. Toa, anza upya. Ikishakaa, spana nusu mzunguko tu. Washa yake, hiki kipete cha chini, ni mpya, inatosha. Hii injini ni ya alumini. Ukikaza kwa hasira unakata nyuzi, na mara ile ilibaki kidogo tu uzikate."

Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha; injini iliwaka mara moja. Ilinguruma sawasawa, haikukohoa. Fundi hakuwa na furaha. Alisikiliza, akafunga boneti, akaenda kumfulia mkewe shuka.

Jumatatu walikwenda hospitali kwa gari lao jekundu. Mama alikuwa amerudishwa nyumbani jana yake kwa gari la wagonjwa, naye alishuka ngazi mbili akipumzika kila ngazi. Walipanda ule mlima bila kusita. Walifika nusu saa kabla ya zamu.

"Leo mmewahi," muuguzi alisema, akamsogezea mama kiti cha magurudumu.

Mama hakukaa. Alimgeukia mumewe.

"Zile plagi za zamani zilikuwa na kosa gani?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Hazikuwa na kosa. Nilitaka kujionyesha."

"Ungeziacha, moyo wangu ungekuwa mzima?"

Muuguzi alijifanya anasoma faili. Fundi alitaka kusema ni mapenzi ya Mungu, kama watu wote walivyokuwa wakimwambia wiki nzima. Hakusema.

"Ungekuwa mzima," alijibu.

Mama akakaa kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani.

"Jumatano," alisema, "tutoke mapema zaidi."