Dirisha la Oda

Neema alifanya kazi kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima, Morogoro Mjini. Alipokea oda za mboga kwenye tovuti. Oda ikiingia, ana nusu saa ya kuikubali. Ikipita, mteja huhamia kwa wengine.

Hoteli moja huagiza koliflawa kila Alhamisi. Wakulima wa milimani wamezoea hivyo, basi hukata bila kusubiri simu.

Ijumaa asubuhi shangazi yake, Bernadeta, alifika kutoka Mgeta na tenga zima la koliflawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hoteli wanachukua ngapi?"

Neema akatazama kompyuta. Kurasa ishirini na mbili zilibanana juu: mapishi, mpira, bei za soko. Ukurasa wa oda haukuwamo. Jana aliufunga bila kujua, akidhani anafunga ukurasa wa mpira. Alipoufungua, oda ilikuwa imeshapita.

"Nimeshuka mlima na tenga kichwani, wewe unaniambia ulifunga ukurasa?" Bernadeta alifoka. "Jasho langu mchezo?"

Neema aliona haya. Hasira nazo zilimkaba, maana hii ilikuwa mara ya tatu. Alitamani kuitupa kompyuta ile nje.

Halidi, fundi kompyuta wa chumba cha pili, alisikia makelele akaja.

"Unachanganya kazi na porojo," alisema. "Oda zipewe dirisha lake. Fungua tovuti hiyo. Bonyeza vidoti vitatu juu kulia. Tafuta palipoandikwa kusakinisha ukurasa kama programu. Kubali."

Neema akafuata. Dirisha jipya likafunguka, lina oda tu. Alama yake ikakaa kwenye skrini.

"Bando likiisha itafanya kazi?" Neema aliuliza.

"Thubutu! Ni tovuti ileile. Ila sasa huwezi kuifunga ukidhani ni mpira. Na ruhusu taarifa, oda ikiingia ikuambie."

Bernadeta alizidi kupandwa na hasira. "Kumbe kazi ya dakika mbili! Na mimi nimeozesha matenga matatu! Mlikuwa mnangoja nini?"

Alikuwa na haki.

Alhamisi iliyofuata, dirisha lilimwita Neema: koliflawa sitini. Akaikubali papo hapo, akampigia shangazi yake.

"Umeshaikubali, au ndiyo unataka kuikubali?"

"Nimeshaikubali, shangazi."

"Haya, ngoja nikate."

Bernadeta alikuwa amekaa kando ya shamba tangu asubuhi, kisu mapajani, hajakata hata koliflawa moja.